Kabla ya Kuuza Shamba, Uliza Aina ya Ugonjwa

Ukipita River Road saa za jioni hutakosa kumwona mtu aliyeshika kipaza sauti, chupa zimepangwa mbele yake, akinadi dawa ya "kuongeza kinga". Kwa maneno yake, chupa hiyo moja hutibu kisukari, yabisi, shinikizo la damu na hata saratani. Wateja hakosi, kwani ni nani asiyetaka kinga? Linalotatiza ni kwamba siku hizi madaktari nao wanazungumzia dawa za kinga. Mwananchi wa kawaida ana haki ya kuuliza: huyu wa hospitali na yule wa barabarani wana tofauti gani?

Tofauti ipo, tena kubwa. Yule wa barabarani ana chupa moja kwa magonjwa yote. Dawa ya kinga ya hospitali hulenga alama moja tu, na mgonjwa asiye na alama hiyo haimfai hata kidogo. Ukilielewa jambo hilo moja, msomaji, unaweza kuiepusha familia yako na hasara kubwa.

Mwili una askari wake. Miongoni mwa silaha zao ni antibodi, protini ndogo sana ambazo kila moja hutambua alama yake, kama ufunguo na kufuli. Mnamo 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walivumbua njia ya kutengeneza antibodi za aina moja kwa wingi. Mwaka wa 1984 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Baadaye wanasayansi wa Marekani walichukua antibodi ya panya, wakaiunda upya ifanane na ya binadamu ili mwili usiikatae. Hivyo ndivyo ilivyopatikana trastuzumab, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Herceptin. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1998 kutibu saratani ya matiti.

Lakini si kila saratani ya matiti. Kwa wagonjwa kati ya 15 na 20 katika kila 100, seli za uvimbe huwa na protini iitwayo HER2 kupita kiasi. Protini hiyo ni mithili ya sikio linalopokea amri ya kukua, na seli yenye masikio mengi hukua ovyo. Dawa hii huenda ikaliziba sikio hilo, kisha ikawaita askari wa mwili waishambulie seli. Pasipo na HER2 nyingi, haina pa kushika.

Nayajua haya si kwa kusoma tu. Mnamo 2019 shangazi yangu, muuza mboga wa Kangemi, aligundua uvimbe kwenye titi. Kwa miezi kadhaa hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini tusiwalaumu akina mama hawa upesi. Mama anayetegemea mauzo ya leo ili watoto wale kesho huogopa bili kabla ya kuogopa ugonjwa.

Tulikutana Jumapili nyumbani kwake. Kulikuwa na fununu kwamba kuna sindano mpya ya kinga ambayo dozi moja inazidi shilingi laki moja. Baba mkubwa akasema tusipoteze wakati, shamba la nyumbani liuzwe. Hapo binti ya shangazi, aliyekuwa akisomea uuguzi, akainua mkono.

"Mjomba, samahani. Kabla hatujafika kwa shamba, mama amepimwa HER2?"

Hakuna aliyejua. Kipande cha nyama kilikuwa kimekatwa na kuthibitisha saratani, basi. Kipimo cha pili, ambacho maabara hutia rangi maalumu kwenye kipande kilekile na kutoa alama kuanzia 0 hadi 3, hakikuwa kimefanywa. Tulichanga, tukalipia, tukasubiri.

Jibu lilikuja: 3. Sehemu ya shamba iliuzwa kweli, na haikuuzwa kwa kubahatisha. Shangazi alidungwa kila baada ya wiki tatu kwa muda wa mwaka mmoja, dozi 18, pamoja na kemotherapi mwanzoni. Alfajiri za baridi kali ya Julai tulipanda matatu Kangemi, tukateremka mjini na kuabiri nyingine hadi hospitali. Kila baada ya miezi michache alipimwa moyo, kwa maana dawa hii inaweza kuudhoofisha. Usidanganywe kwamba dawa ya kinga haina madhara.

Huko kliniki alipata rafiki, mama wa Kawangware mwenye ugonjwa huohuo kwa jina. Jibu lake lilikuwa 0. Watoto wake walilia, wakidhani umaskini ndio uliomnyima mama yao sindano. Daktari aliwaketisha akawaeleza: uvimbe wa mama yao ulilishwa na homoni, na dawa yake ni tembe za tamoxifen, za bei nafuu, za kumeza kila siku kwa miaka. Lau wangeuza walichonacho kununua sindano, wangemnunulia mama yao dawa isiyomhusu. Akina mama hao wawili bado wanapigiana simu kukumbushana siku ya kliniki.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Mnamo Septemba 2025, Wizara ya Afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kampuni ya Roche zilitangaza makubaliano ya kushusha bei ya Herceptin kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa dozi, na hizo 40,000 zilipwe na SHA. Piga hesabu: dozi 18 kwa bei ya zamani ni Sh2,160,000. Hiyo ni nyumba. Ila anayefaidika ni aliyejisajili na kulipa mchango wake, na uvimbe wake ukapimwa. Waliobaki nje wataendelea kuitisha harambee.

Huko ng'ambo wamekwenda mbali zaidi. Askari wa mwili huchotwa kutoka kwa damu ya mgonjwa, wakaongezewa jeni ya kuwafundisha adui, kisha wakarudishwa mwilini. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo mwaka wa 2017 kwa saratani ya damu, kwa bei ya dola 475,000, zaidi ya shilingi milioni 60. Mnamo 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, waliripoti kwamba wagonjwa watano wa lupusi, ugonjwa sugu ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, walipata nafuu kubwa kwa njia hiyo. Ni habari za kutia moyo, lakini watu watano ni wachache. Anayekuahidi tiba hiyo kichochoroni leo, mkimbie.

Basi, msomaji, ugonjwa ukibisha mlangoni kwako, usianze na bei ya dawa. Muulize daktari: huu ni wa aina gani? Umepimwa alama gani? Jibu liko wapi kwa maandishi? Dawa hii inalenga nini, na inaweza kudhuru nini? Daktari mwema hatakasirika. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usidhani wewe ni mdogo mno kuuliza mbele ya wazee. Katika familia yetu, swali lililotufaa zaidi liliulizwa na aliyekuwa mdogo kuliko wote waliokuwa kikaoni.