Mapaa Mawili

Mjini Kakamega, mwalimu mmoja mstaafu aliipenda Land Rover yake kuukuu. Siku za Jumamosi, chini ya mwembe, alizifungua bolti, akalitenga paa la alumini na kuta zake, kisha akaunda ukanda wa chuma wa sentimita 15 wa kuliinua, ili mkewe mwenye maumivu ya mgongo aketi wima. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa polepole. Kwa hiyo kila kiungo alikitenga kwa mpira.

Mkewe akatazama, akasema: "Ahsante, Mwalimu. Lakini la jikoni linavuja tangu masika."

Jumamosi iliyofuata ngazi iliegemezwa jikoni. Mabaki ya alumini yalitosha, na mpira chini ya kila msumari.