Tukizima TV, Tunaongea?

Mwenzenu naomba nikiri mapema kabla hamjaanza kunicheka: mimi si mtaalamu wa filamu. Chuo kikuu nilisoma mawasiliano, ni kweli, lakini nikishakaa kwenye kochi saa tatu usiku, watoto wamelala, mimi ni mtazamaji wa kawaida kabisa. Nasinzia katikati. Nauliza "huyu nani tena?" wakati mtu mwenyewe ametokea tangu mwanzo. Steling akianza kupigwa sana, nazuga naenda jikoni kunywa maji. Ila maoni ninayo, tena mengi, na hapa ofisini wamechoka kuyasikia kila saa ya chai. Wakaniambia, si uyaandike tu?

Haya, nayaandika. Ila nimejikuta siwezi kuyaandika bila kusema na yaliyonikuta nyumbani kwangu mwaka 2025.

Mimi nimekua enzi za deki na mikanda. Jioni tulijazana sebuleni kwa jirani kuangalia Kaole ITV, na wavulana wakitoroka kwenda kibanda umiza kuona picha za kigeni alizozitia Lufufu maneno ya Kiswahili. Enzi zile huwezi kuangalia kimya kimya hata ukitaka. Mtu anamtukana jambazi, mwingine anamwonya steling kwamba nyuma yako huko, na kesho yake bombani ni hadithi hiyo hiyo hadi ndoo zijae.

Siku hizi tuko wawili tu kwenye kochi, kila mmoja na simu yake mkononi. Sehemu moja ikiisha, zinahesabiwa sekunde chache, nyingine inaanza yenyewe kabla hamjamaliza kupiga miayo. Mnaweza kumaliza sizoni nzima hamjaambiana neno zaidi ya "sogea kidogo".

Ndiyo maana mimi nyota tano wala kumi sina. Kipimo changu ni kimoja: tukizima TV, tunaongea au kila mtu anatafuta chaja yake?

Tuanze na umbea

Young, Famous & African nimeiangalia, na sioni aibu kusema. Ilipotoka mwaka 2022, nani Bongo hakutaka kumwona Diamond Platnumz na Zari wamewekwa kwenye kamera za Netflix kule Johannesburg? Maoni yangu ya kweli: hadithi hakuna. Ni watu kuvaa, kwenda kwenye pati, kugombana kwenye pati, halafu kuandaa pati nyingine ya kupatana. Hakuna anayeosha sahani. Hakuna anayeulizia bili ya umeme.

Kwa kipimo changu, hata hivyo, ilifaulu, maana tulisengenya hadi usiku wa manane. Mume wangu anajifanya hapendi, lakini yeye ndiye aliyekuwa ananikumbusha nani kagombana na nani.

Tatizo lilikuwa mdomo wangu. Usiku mmoja, ilikuwa Mei 2025 tunarudia sizoni za nyuma, pale kwenye TV mtu anazawadiwa vitu vya bei mbaya, nami nikamgeukia baba watoto nikamwambia, "Waone wanaume wenzako!" Nikacheka. Naye akacheka. Nikasahau.

Duke na uongo wake

Bridgerton naiangalia peke yangu kwenye simu, kwa sababu mzee wangu anasema hana muda wa magauni na wapanda farasi. Basi bahati yake mbaya. Sizoni ya kwanza, ile ya mwaka 2020, kwangu bado ndiyo bora kuliko zote zilizofuata. Duke Simon anamwoa Daphne na kumwambia hawezi kupata watoto. Binti wa watu anakubali, anamwonea huruma. Kumbe si kwamba hawezi. Hataki! Aliapa mbele ya baba yake anayekata roho kwamba ukoo utaishia kwake.

Hapo mimi nilipandwa na hasira za kweli. Kati ya "siwezi" na "sitaki" kuna ndoa nzima hapo. Ingawa na mimi Daphne sikumuunga mkono kwa alivyolipiza. Ukishagundua mwenzako kakudanganya, kumvizia kitandani bila ridhaa yake si jibu, ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Nikampigia wifi yangu kumsimulia, tukaongea nusu saa. Nikamalizia kwa kujigamba: "Mimi kaka yako hawezi kunificha kitu. Nikimtazama tu usoni, najua." Wifi akaguna. Nikadhani mtandao unasumbua.

Muuza samaki na mwanaye

Sasa Squid Game. Najua wengi mliiona ilipotoka mwaka 2021. Sisi tulichelewa, maana mimi damu siiwezi. Sizoni ya tatu ilipoingia Juni 2025, na kila meza ofisini ni habari hiyo, mume wangu akasema tuanze moja mwanzo. Tukanunua bando, tukaanza.

Maoni yangu kwanza. Wangeishia sizoni ya kwanza. Ya pili waliniboa na kura zao zisizoisha, ya tatu niliimaliza kwa sababu tu nilishaianza. Lakini ile ya kwanza, jamani, ni kazi. Watu wanazungumzia mauaji na yale magwanda ya rangi ya waridi, ila kilichonishika mimi ni madeni. Watu 456 wamekubali kucheza michezo ya kitoto hadi kufa kwa sababu huko nje wanadaiwa. Hwang Dong-hyuk, aliyeitunga, alianza kuiandika miaka mingi nyuma, yeye mwenyewe akiwa hana kitu, hadi akafika mahali pa kuuza kompyuta yake ndogo apate hela ya kula. Na inaonekana. Aliyeandika pale anajua mtu akidaiwa anatembeaje, na simu ikiita anaishikaje.

Kuna huyu Sang-woo. Kijana wa mtaani aliyesoma chuo kikuu kikubwa kuliko vyote Seoul, mama yake anauza samaki sokoni na kila mteja lazima asikie habari za mwanaye. Mama anajua mtoto yuko Marekani kikazi. Kumbe mtoto yupo hapo hapo, anatafutwa na polisi, na nyumba na duka la mama ameshaviweka rehani.

Nikamwambia baba watoto, "Huyu ndiye mjinga kuliko wote humu ndani. Si angemwambia tu mama yake? Angemmeza?"

Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Angeanzia wapi?"

"Angeanzia pale pale kwenye samaki!" nikajibu, nikacheka peke yangu. Yeye akachukua rimoti akasogeza mbele.

Wiki mbili baadaye tukamaliza sizoni ya kwanza. Majina yanapita kwenye TV, mimi nanyanyuka kwenda kulala, akanishika mkono.

"Kaa kwanza, mama. Unamkumbuka yule mwenye mama muuza samaki?"

"Sang-woo?"

"Ehe. Mimi ndiye huyo."

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Wale kuku wa nyama aliokuwa anafuga Kibaha na rafiki yake, ambao kila nikiuliza naambiwa wanaendelea vizuri, walikufa karibu wote mwezi wa nne. Na mtaji haukuwa akiba yake kama alivyoniambia. Alikopa milioni nne kwa mtu, ile mikopo wanayoiita kausha damu, riba asilimia ishirini kwa mwezi. Kwa hiyo kila mwezi laki nane inatoka kwenye mshahara na deni lenyewe halijaguswa hata shilingi. Mshahara ukawa "umechelewa" kila mwezi. Dhamana ilikuwa kadi ya gari. Na gari, ambalo mimi nilijua liko kwa fundi, mwenye hela alikuwa ameshalichukua.

Msomaji wangu, natamani nikwambie kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilipiga kelele hadi mtoto mkubwa akaamka. Nikahamia chumba cha watoto, na siku tatu nikawa napika, natenga, naondoka. Hela iliniuma, ndiyo, lakini kilichonichoma zaidi ni ile miezi. Kila usiku tumekaa kochi moja, bega kwa bega, tunawahukumu watu wa Korea na watu wa Uingereza, na mtu niliyelala naye anazama pembeni yangu.

Siku ya nne nikampigia wifi kulalamika. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Wifi, mimi aliniambia mapema. Nilimwomba akueleze. Akasema siku aliyojipanga kusema, ulimwambia awaone wanaume wenzake."

Nilikata simu. Nikakaa muda mrefu kwenye ngazi za nyuma.

Na hapo ndipo nikakumbuka la kwangu. Nina kikoba na wasichana niliosoma nao chuo. Mume wangu alijua naweka elfu ishirini kwa mwezi, za kusaidiana misiba na harusi. Ukweli ni kwamba hisa zangu zilikuwa zimefika milioni mbili na nusu, na hakuna siku niliyofikiria kumwambia. Bibi zetu walitufundisha mwanamke asikose chake, na mimi mpaka leo sioni kosa kuwa na chake. Lakini miaka minne sikumwambia, na nilipoulizwa nilisema elfu ishirini. Sang-woo tulikuwa wawili kwenye kochi lile.

Nikamwambia usiku ule ule. Alinyamaza, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kumbe tajiri nakaa naye ndani." Nikalia, nikacheka, mambo yote kwa pamoja.

Tuliivunja ile akiba. Tukaenda wote wawili kwa mkopeshaji, tukaweka milioni mbili na nusu mezani na kuomba asimamishe riba kwa iliyobaki. Alizungusha, mwishowe akakubali, tukaandikishana. Milioni moja na nusu tukailipa kwa miezi mitatu, laki tano tano. Miezi hiyo Netflix tuliikata, na dagaa tuliwala hadi watoto wakauliza kama tumehamia ziwani. Gari lilirudi Desemba 2025, betri imekufa.

Tuliporudi kwenye kochi

Cha kwanza tulichoangalia baada ya hapo kilikuwa Adolescence, tamthilia ya Uingereza iliyotoka Machi 2025. Ni sehemu nne tu, na kila sehemu imepigwa picha kwa mkupuo mmoja, kamera haikatiki tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana wa miaka 13, Jamie, anakamatwa asubuhi nyumbani kwao kwa tuhuma za kumuua msichana wanayesoma naye. Owen Cooper, aliyecheza kama Jamie, alipata tuzo ya Emmy mwaka 2025 akiwa na miaka 15, na kwa maoni yangu wangempa mbili.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyotuzimisha. Wazazi wako chumbani kwao wanaulizana tulikosea wapi. Baba alichapwa sana utotoni, akaapa wanaye hatawafanyia hivyo, na kweli hakuwafanyia. Mama anakumbuka mtoto akirudi shule anapanda chumbani, anafunga mlango, taa inawaka hadi usiku wa manane. Walidhani akiwa ndani ya nyumba, yuko salama.

Ilipoisha, mume wangu alizima TV mwenyewe. Ile ya kujiendeleza sehemu kwa sehemu tulishaiondoa, hiyo ni sheria ya nyumba sasa. Mtoto wetu mkubwa ana miaka tisa na tableti yake aliyopewa na mjomba. Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua anaangalia nini humo. Tuliongea hadi saa saba usiku. Kuhusu mtoto, kuhusu baba zetu, kuhusu hofu ambazo hatukuwahi kuzitaja tangu uchumba. Asubuhi tulichelewa kazini wote.

Kwa kipimo changu, hakuna iliyowahi kuipita hiyo.

Basi mkiniuliza mwangalie nini wikiendi hii, nitawaambia. Mkitaka kucheka na kusengenya, Young, Famous & African ipo, ila chungeni midomo. Mkitaka mapenzi, Bridgerton sizoni ya kwanza. Mkiwa na moyo mgumu, Squid Game ya kwanza, mkaishie hapo hapo. Mkiwa wazazi, Adolescence, tena muiangalie pamoja.

Ila mwenzako akiuliza "angeanzia wapi?", usifanye kama mimi. Weka rimoti chini, mgeukie, umuulize yeye angeanzia wapi.