Malaika Asiyedai Lupango

Mwaka juzi, mvua zikiwa zinakaribia kwisha, binti wa mdogo wangu alifika kwangu Kamalondo akiwa na kompyuta mgongoni. Alikuwa amehitimu masomo ya informatiki katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akatengeneza programu ya simu inayowawezesha wauza unga kuandika mali yao na madeni ya wateja, hata pasipo intaneti. Alihitaji dola 3.000 za kuiendeshea kazi hiyo miezi sita. Benki moja ilikuwa imemdai hati ya kiwanja. Nami, niliyemfahamu tangu ubatizo wake, nikamwuliza swali lile lile: «Una lupango?»

«Mama mkubwa,» akajibu, «ningekuwa na lupango, nisingekuja kwako.»

Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilipofungua duka langu la vitenge mwaka 1994, nilidaiwa barua ya mume wangu, kwa kuwa Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria. Marehemu aliiandika bila kinyongo. Hata hivyo nilisimama mbele ya karani kama mtoto aliyetumwa. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mazoea ya kudai karatasi ambayo wanawake wengi hawana hayakuondoka pamoja nalo, na siku ile yalitoka kinywani mwangu.

Katika likelemba yetu tuko wanawake kumi na wawili. Kila mwezi kila mmoja hutoa dola 50, na mwenye zamu huchukua 600. Tumesomeshea watoto, tumezikia wazee. Lakini likelemba, kwa uzuri wake wote, haimtii mtu hatarini: ulichotoa kitakurudia, si zaidi wala si pungufu. Alichokiomba binti yetu ni kitu kingine. Alitaka watu watakaonunua sehemu ya kampuni isiyo na faida bado. Ikifa, fedha zao zimekufa nayo. Ikikua, sehemu yao imekua.

Ulimwenguni watu hao huitwa malaika, jina lililonishangaza mimi niliyezoea malaika mlinzi. Lilitoka kwenye majumba ya michezo ya Broadway, New York, ambako matajiri waliogharimia mchezo waliitwa hivyo. Mwaka 1978 mwalimu wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, William Wetzel, akalitumia kwa wanaotia fedha zao wenyewe katika kampuni changa. Huko Lagos kuna wanawake waliojiunga kwa kazi hiyo tangu 2016, katika kundi liitwalo Rising Tide Africa. Na tusiende mbali: Luka anawataja Yoana, Susana na wenzao walioitegemeza safari ya Yezu kwa mali yao, wakati hakuna aliyejua safari ile ingeishia wapi.

Hapa kwetu vipaji havikukosekana. Mwaka 2013 Kinshasa iliona roboti za alumini, zenye kutumia nguvu za jua, zikiongoza magari katika njia panda. Aliyezibuni ni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na shirika lake la Women's Technology. Tarehe 8 Septemba 2022 Serikali ikatoa sheria ya kuhimiza ujasiriamali na kampuni changa. Ni jambo jema, ila sheria haina mfuko wa kuchomoa noti.

Nilipeleka neno kwenye likelemba. Saba walikataa, na sitawasema vibaya. Mmoja alisema wazi kwamba zamu yake ni karo ya shule. Fedha ya namna hiyo haifai kuchezewa, wala malaika wa kweli hatoi chakula cha watoto wake. Watano tulikubali kutoa zamu moja moja, jumla 3.000 zile zile, kwa kadiri zamu zilivyofika. Tukaandikiana: asilimia kumi ya kampuni ni yetu, bila dhamana, bila riba, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi atueleze kazi inavyokwenda. Mkono wangu ulitetemeka kidogo nilipotia sahihi.

Hesabu yake ya kwanza ilikuwa mbaya. Wauzaji kumi na mmoja walijaribu programu, tisa wakaiacha. Alikuwa karibu kulia. Ndipo mwenzetu mmoja, aliyeuza unga soko la Kenya miaka ishirini, akaishika simu, akatazama, akauliza: «Meka iko wapi?» Programu ilihesabu kwa kilo. Pale sokoni muuzaji hupima kwa meka, huongeza kidogo cha kumfurahisha mteja, na huo wa kuongeza nao ni hesabu. Katika mwaka mzima wa kuonyesha kazi yake maofisini, hakuna aliyemwuliza swali hilo.

Aliiandika upya kwa majuma matatu. Leo wauzaji arobaini na mmoja wanaitumia, na dola zetu hazijarudi hata moja. Jumamosi iliyopita mmoja wa wale saba alikuja kuketi nasi, akasema amekuja kusikiliza tu. Kabla ya kuondoka alimwuliza binti yetu kama mtu anaweza kuingia na nusu zamu.