Uzito wa Triga

Jumatatu, 6 Januari 2025. Kaaleng, Turkana

Mpwa wangu kaja jioni, G3 begani. Ni polisi wa akiba, na bunduki hulala naye nyumbani, kwa sababu wezi wa mifugo hawasubiri mtu aende kituoni kuchukua silaha. Hata kabla ya chai akaanza: "Mjomba, triga ni nzito. Nikatie springi kidogo."

Anajua miaka yangu yote ya utumishi niliimaliza katika ghala la silaha. Nikamwambia aitoe risasi kwanza. Akavuta mkono wa kukoki, risasi moja ikaruka mchangani, ndipo akachomoa magazini na kunikabidhi bunduki kama mtu aliyemaliza kazi. Nikaelekeza mtutu kwenye mchanga wa lagga, mto wetu mkavu, nikavuta bolti. Ikatoka risasi nyingine.

Hapa ndipo watu wanapokufa. Ukivuta bolti magazini ikiwa bado ndani, inatupa risasi iliyopo na kurudi mbele na nyingine. Magazini itangulie kutoka, sikuzote. Kisha bolti nyuma, uufunge mkono wake kwenye pengo lake, utazame ndani ya chemba, na usiku uingize kidole, maana macho hudanganya gizani. Nimemrudisha katika hatua hizo mpaka mkono wake ukaacha kuuliza. Mke wake alisimama mlangoni akitazama, mtoto mgongoni. Nimemwita naye ajifunze. Analala chumba kimoja na hiyo bunduki.

Jumanne, 7 Januari

Nimeifungua asubuhi kabla ya upepo, juu ya turubai. Nilichokuta ndicho nilichotarajia: mchanga mwembamba umechanganyika na mafuta ya kondoo, umeganda mweusi kuzunguka jino linaloshikilia nyundo. Springi zenyewe hazina kosa. Nimeosha kwa mafuta taa na mswaki wa zamani, nikakausha, nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta membamba ya injini, kidogo tu. Huku kwetu mafuta mengi huita vumbi, na vumbi likishalowa husaga chuma.

Kabla na baada nilipima uzito kwa mzani wa ndoano, ule wa wauza samaki wa Kalokol: bunduki tupu, mtutu juu, ndoano kwenye triga, unavuta polepole hadi nyundo ianguke. Mzani ulishuka waziwazi bila springi yoyote kuguswa. Mpwa wangu alivuta triga akacheka kwa furaha.

Ningekata ile springi jana, leo angekuwa na bunduki chafu na springi dhaifu pamoja.

Alhamisi, 9 Januari

Mfanyabiashara wa Lodwar amepiga simu. Ana bastola ya Ceska 75 yenye cheti, hulala na pesa za duka. Ameona video, anataka kujifanyia nyumbani: akate mzingo mmoja wa springi ya nyundo, apige msasa lile jino, triga iwe laini. Aliniomba nimwongoze kwa simu. Nimekataa, lakini sikutaka kumwacha na neno hapana peke yake, kwa hiyo tukazungumza mpaka salio likamwishia.

Ceska 75 ina mivuto miwili. Nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, kilo nne hadi tano, kwa kuwa kidole kinaisimamisha nyundo na kuiangusha kwa tendo moja. Baada ya mlio wa kwanza nyundo hubaki imesimama, na mvuto unaofuata ni mfupi, mwepesi kwa zaidi ya nusu. Ule uzito wa kwanza umewekwa makusudi. Mtu aliyeshtuka usingizini na kupapasa chini ya mto bila kujua kidole kimegusa nini hupewa nafasi ya kuamka kabla bastola haijalia.

Springi ya nyundo ina kazi mbili: inakaidi kidole, na inaipiga pini kwenye fataki. Ukiipunguza nguvu kwa ajili ya kidole, umeipunguza kwa fataki pia. Siku ya haja utasikia tak, na kimya. Na hatari ya kimya hicho ni kwamba mara nyingine risasi huchelewa kulipuka: mtutu ubaki mahali salama nusu dakika nzima kabla hujagusa kitu. Springi ya kurudisha triga ikilegea, triga hubaki nyuma, huna bastola. Jino likipigwa msasa mpaka kona yake ikaviringika, nyundo yaweza kuteleza bastola ikianguka sakafuni. Ceska za muundo wa B zina kizuizi cha pini. 75 za mwanzo hazina, naye hakujua yake ni ipi.

Akaniuliza, basi mtu akiona triga yake haifai afanye nini? Aisafishe. Isipobadilika, aipeleke kwa fundi aliyesajiliwa, na springi iliyochoka itolewe, iwekwe mpya ya kiwanda. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, mtu hawezi kufungua biashara ya kutengeneza silaha bila kusajiliwa, na mimi mstaafu sina usajili huo.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya ibada kijana wa shirika moja ameniuliza kwa nini nafundisha watu kutunza bunduki badala ya kuwaambia wazirudishe. Swali zuri, limenikaa moyoni.

Mwaka 1918 Waingereza walifanya operesheni ya Labur kwenye milima hii tunayoiona mashariki, wakawanyang'anya Waturkana bunduki na mifugo. Jirani wa kaskazini, Merille, walibaki na zao, na wazee wetu walilipa kwa damu. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, ghala la kambi ya Moroto likavunjwa, bunduki zikamwagika mpaka huku. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha 5,250 kule Ngong, nami nilifurahi kwa dhati. Lakini ya mpwa wangu ni ya serikali, ina namba, na amepewa alinde watu. Italala nyumbani kwake leo na kesho. Basi nazungumza na nyumba hiyo.

Nilipelekwa kikazi Lokichoggio wakati hospitali ya Lopiding ingali mikononi mwa Msalaba Mwekundu, kabla ya 2006. Niliona risasi inavyoufanya mfupa wa paja. Vita au ajali, mfupa hautofautishi.

Jumamosi, 18 Januari

Tumekaa chini ya mti na polisi wa akiba, kila mmoja na mke au mama yake, nilivyoomba. Magazini zote zilikusanywa kwenye turubai la mbali kabla sijafungua mdomo. Mmoja alileta AK ambayo mtu alikwisha kuikata springi. Nyundo inashuka ukigonga kitako kwa kiganja. Nimemwonyesha kila mtu, kisha nikaifunga kamba na karatasi, irudi kituoni ikafanyiwe kazi na wenye ghala. Mwenyewe alinuna, lakini alikubali.

Nilichosisitiza zaidi ni mahali pa kuelekeza mtutu. Risasi ya G3 hutoka kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde. Fito, ngozi, makuti ya mkoma, hakuna ukuta wa awi, boma letu, unaoizuia, na nyuma ya kila ukuta kuna mtu amelala. Kwa hiyo kila mwenye bunduki ajaze magunia ya mchanga wa lagga, ayapange nje ya uzio upande usio na njia ya watu wala mbuzi, na kutoa risasi kufanyike hapo tu. Magazini ikae na mke, bunduki na mume.

Mama mmoja akauliza, na mume akirudi amelewa? Nimemjibu asimpe magazini mpaka asubuhi. Wanaume walinung'unika. Mkubwa wao, mzee ninayemheshimu, akasema ameafiki, na magunia yataanza kwake Jumatatu. Nitapeleka koleo.