Nyonga na Nyuzi

Nyonga ni kitu usichokikumbuka mpaka kikugomee. Ya dada yangu, kule Nkololo, ilimgomea akiwa na miaka 22. Ana selimundu. Jina linajieleza: chembe za damu hupinda kama mundu na kuziba vimishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa ukikosa damu hufa kwa njaa. Ndiyo hivyo, bwana.

Kwa mzee, jibu lipo. Tangu John Charnley wa Uingereza alipofanikisha nyonga ya chuma na plastiki mwaka 1962, wengi wameinuka wakatembea. Hata Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, upasuaji huo hufanyika. Lakini nyonga ya bandia nayo huchakaa. Kwa wengi hudumu miaka 15 hadi 20 au zaidi. Sasa binti wa miaka 22 apasuliwe mara ngapi?

Ndiyo maana habari ya St. Louis, Marekani, ilinisisimua. Mwaka 2016 Farshid Guilak na wenzake walitangaza kiunzi cha kufuma: mafungu ya nyuzi kama 600, umbo la kichwa cha nyonga. Juu yake hupandwa seli kutoka kwenye mafuta ya mgonjwa mwenyewe, nazo huotesha gegedu, ule utando mweupe unaoteleza unaouona kwenye mfupa wa kuku. Nyuzi huyeyuka polepole, gegedu hubaki, kama miti ya fundi inavyoondolewa ukuta ukishasimama. Mwaka 2021 walieleza jinsi mbwa waliowekewa walivyorudi kutembea.

Sawa. Lakini sisi watoto wa wakulima wa pamba tunajua: kitambaa hakishikilii paa lililobonyea. Kiunzi kile kinarudisha gegedu. Kichwa cha mfupa kikishaporomoka, kitalala juu ya nini? Na dada alichechemea miezi mingi, watu wakisema ni uchovu wa jembe tu. Eksirei huonyesha ugonjwa ukiwa umeshakomaa. MRI huuona mapema. Teknolojia yote hiyo inamhitaji mgonjwa aliyewahi.

Basi mimi siisubiri St. Louis. Mdogo wetu wa mwisho naye ana selimundu, ana miaka 13. Siku akisema kinena kinamuuma, hata kama ni msimu wa kuchuma pamba, tunapanda basi.