Shukia Globe, Sinema Hakuna

Mgeni Nairobi akiambiwa "shukia Odeon" anaweza kudhani anaenda kuona filamu. Pole yake. Odeon ilikuwa sinema, Globe pia, lakini rika langu tunazijua kama steji na raundiabauti tu. Makanga ndio wanatunza historia ya hii tao, na hakuna anayewalipa kwa hiyo kazi.

Vibao vya barabara havikumbuki kitu. Moi Avenue ilikuwa Government Road, Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street. Na cheki hii: Mboya alipigwa risasi Government Road, Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa. Barabara aliyopewa ni ile ingine ya pili yake. Sanamu yake nayo iko Moi Avenue, karibu na pale alipouawa, na kila siku wasee wanapanga kukutana hapo bila habari. Hiyo sikuifunzwa kampasi kabla niache. Niliambiwa na shosho, ambaye hadi leo husema "Gavamenti Rodi".

Shosho anakaa Eastlands, kwa zile nyumba za zamani za chini. Sasa tunasikia esteti yao itabomolewa ijengwe maghorofa, vile Pangani nyumba 48 zilipisha minara.

Hapa ndipo mimi hukosana na watu wa mtandaoni wanaolilia kila ukuta wa zamani. Choo cha shosho kiko nje. Mvua ikinyesha usiku anatoka na tochi na mwavuli, na goti lake ni bovu. Wewe unapiga picha ya mabati yenye kutu unaandika "vintage", yeye anatafuta mahali pa kukanyaga. Nataka apate choo ndani, kabisa.

Lakini kuna maswali ameuliza kwa mikutano miwili na hajajibiwa. Atalipa ngapi kwa mwezi? Lifti ikikwama na yuko juu, itakuwaje? Na jirani yake, yule humgongea mlango kila asubuhi kuhakikisha ameamka, atawekwa ghorofa gani?

Usiniambie mradi mkubwa haubadilishwi. Mwaka wa 2020, Expressway ikijengwa, kulikuwa na mugumo Waiyaki Way, mti wa karibu miaka 100, uliokuwa uondolewe. Watu wakapiga kelele, amri ikatoka, mugumo ukabaki. Barabara bado ilifika kilomita zake 27, na magari yakaanza kupita 2022. (Miti mingine mingi haikuwa na bahati, na sisi wa kutembea kwa miguu tunasikia hilo jua.)

Mkutano wa tatu ni Jumamosi. Shosho amenifanya niandike maswali yote kwa karatasi, kwa herufi kubwa, halafu akaongeza moja mwenyewe kwa kalamu: kuku wangu watakaa wapi. Mimi naenda na simu, chaji imejaa.