Gari la Msaada

Huku kwetu Kihurio mtu akiletewa zawadi haanzi kuigeuzageuza mbele ya mgeni. Huipokea kwa mikono miwili, hushukuru, kisha humsindikiza mgeni hadi njiani. Adabu hiyo ni njema nyumbani. Lakini nimeiona ikihamia mahali ambapo haistahili, yaani kwenye zawadi za umma: madawati, vitabu, na zaidi ya vyote magari. Gari la msaada likiingia kijijini watoto hulikimbilia, akina mama hupiga vigelegele, mwenyekiti hukata utepe, na hakuna anayethubutu kuuliza matairi mengine yatanunuliwa na nani.

Nililazimika kulitafakari jambo hili mpwa wangu aishiye Marekani aliponipigia simu. Baada ya salamu za nyumba nzima, na mbuzi pia, akasema, "Mjomba, nina gari langu kuukuu nataka kulitoa sadaka. Kuna shirika hapa linapokea magari, na katika kijitabu chao wamesema wamenunua gari la wagonjwa kwa zahanati moja ya wilaya yetu ya Same. Hebu niangalizie kama ni kweli."

Kwanza nilidhani gari lake lenyewe ndilo litakalopakiwa melini. Akacheka. Magari ya kule usukani uko kushoto, nasi huku tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia. Tena gari likishazeeka, ushuru wa uchakavu peke yake ungetosha kumkatisha tamaa mpokeaji. Kumbe utaratibu wao ni mwingine. Mtoaji hupiga simu, brekidauni inakuja kulikokota gari, linapelekwa mnadani, linauzwa. Fedha ya mauzo ndiyo sadaka. Ila kabla haijafika kwa shirika, mwenye brekidauni ana chake, mwenye mnada ana chake, na mara nyingi pana wakala aliyepewa kazi nzima naye ana fungu lake.

Wamarekani wenyewe waliwahi kulichunguza jambo hili. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge lao ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa sadaka. Ikaonekana kwamba kwa takriban theluthi mbili ya magari hayo, shirika lilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji aliiandika alipoomba kupunguziwa kodi. Ndiyo kusema mtoaji aliandika dola 1,000, na wenye shida wakapata dola 50 au chini yake. Sheria ikabadilishwa mwaka 2004. Tangu 2005, mtu anayedai zaidi ya dola 500 kwa gari lililouzwa kwa kawaida hupunguziwa kodi kwa kiasi kile tu gari lilichouzwa, na shirika humpa karatasi yenye bei hiyo. Sheria hiyo ilimbana mtoaji asiongeze chumvi. Haikusema wakala achukue kiasi gani.

Mpwa wangu ni mtu wa hesabu. Nilimwambia aombe taarifa yao ya mwaka, maana kule mashirika ya hisani, ukiondoa makanisa na mengine machache, hujaza taarifa ya mapato na matumizi inayoitwa Fomu 990, na mwananchi yeyote ana haki ya kuiomba. Aliipata, akanisomea kwa simu. Mapato yalikuwepo, mishahara ya wakubwa ilikuwepo, gharama za kukusanya fedha zilikuwepo. Tulipofika kwenye fedha zilizotumika nje ya Marekani, tulikuta zimeandikwa kwa kanda: Afrika kusini ya Sahara. Basi. Eneo lenye nchi zaidi ya 40 limewekwa katika mstari mmoja, na Same yetu imo humo ndani kama punje ya mchele katika gunia la Ndungu.

Kwa hiyo ilibidi nitumie njia niliyoizoea. Nilipokuwa mwalimu mkuu sikuamini daftari la mahudhurio mpaka nimeingia darasani kuhesabu vichwa. Nilipanda basi la kuelekea Same, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda kupanda mlimani hadi kwenye zahanati yenyewe. Siitaji jina, kwa kuwa wanaofanya kazi pale hawakutenda kosa lolote.

Gari lilikuwepo. Kijitabu hakikudanganya. Lilikuwa jeupe, lina jina la shirika ubavuni, tena ni lile lile la kwenye picha. Tofauti ni kwamba lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina matairi ya nyuma, na kuku alikuwa ametagia chini yake.

"Shikamoo Mwalimu," muuguzi alinipokea, akanipa kiti. Akanieleza bila kinyongo. Gari lilifanya kazi miezi saba. Dereva alikuwa wa kujitolea. Mke wake alipojifungua akaenda kutafuta kibarua chenye malipo. Mafuta walichangisha. Kisha kikaharibika kifaa cha injini ambacho hakikupatikana Same wala Moshi, na kadi ya gari haikuwa ya halmashauri, ilikuwa ya shirika. Halmashauri ikasema haiwezi kutengeneza mali isiyo yake. Wakaandika barua ng'ambo mara mbili.

"Na wazazi wanaopata shida usiku?" nikauliza.

"Wengine wanakuja kwa bodaboda, Mwalimu. Wa juu kabisa tulikuwa tunawapokea kwa machela. Siku hizi tunapiga 115."

Hiyo 115 ni namba ya bure ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kujaribiwa Shinyanga na Sengerema. Gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa eneo hilo hilo aliyesajiliwa na analipwa kwa safari. Nimeupenda ujanja huo. Dereva ana gari lake na analitunza mwenyewe kwa sababu ndilo linalomlisha.

Sisemi magari ya msaada hayafai. Wakatoliki wa Ujerumani wana MIVA, iliyoanzishwa mwaka 1927 na padre Paul Schulte baada ya mwenzake kufariki katika umisheni kwa kukosa usafiri wa kumfikisha kwa daktari. Katika Austria, MIVA yao huwaomba madereva watoe kiasi kidogo mno kwa kila kilometa waliyoendesha bila ajali. Ni fedha tupu, haihitaji brekidauni wala mnada, na gari hununuliwa kwa ajili ya kazi inayojulikana.

Kwetu Tanzania nako sheria ipo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inayataka mashirika yatoe taarifa ya kila mwaka kwa Msajili. Na mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Shida ni kwamba mwenye kuuliza huonekana mchawi. Mwaka 2009 Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo alipopendekeza kuondoa baadhi ya misamaha ya kodi ya taasisi za dini na mashirika hayo, viongozi wa dini walipinga kwa nguvu na serikali ikarudi nyuma. Mimi ni muumini na fungu la kumi nalitoa, lakini sioni dhambi katika kuonyesha risiti.

Nilimpelekea mpwa wangu picha mbili, ya gari na ya kuku. Alikaa kimya siku nne. Kisha akaliuza gari lake mwenyewe kwa jirani, akanunua matairi mawili na akamlipa fundi wa Moshi aliyekitafuta kile kifaa hadi Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulidai kadi ihamishiwe halmashauri, na hiyo peke yake ilichukua miezi mitano.

Mwaka huu shirika jingine limeahidi gari kwa kijiji chetu. Kamati imenipa kazi ya kuandika barua. Niliuliza mambo manne tu: limeandikishwa wapi, kadi itakuwa ya nani, vipuri vyake vinapatikana mji gani, na dereva atalipwa na nani, kwa muda gani. Wazee wawili walinilaumu kwamba nitawafukuza wageni. Wageni hawakukimbia. Wamejibu matatu ya kwanza vizuri kabisa, kwa barua yenye mhuri. La dereva wamesema wanalipeleka kwenye bodi yao, nasi tunasubiri.